Kuanza Kazi ya Udereva wa Malori Marekani Ukiwa na Rekodi ya Jinai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili waishio Marekani, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, ambao wanataka kuingia katika kazi ya malori lakini wana kesi ya zamani wanayohofia kwamba itawaharibia. Sheria zinazotajwa ni za shirikisho isipokuwa pale ilipoelezwa vinginevyo. Kila jimbo lina nyongeza zake, na kesi yenye utata inahitaji wakili.

Je, mtu aliyewahi kufungwa anaweza kupewa leseni ya CDL?

Katika hali nyingi, ndiyo. CDL ni leseni ya magari ya biashara, na daraja lake la A ndilo linalomruhusu dereva kuendesha kichwa na trela vyenye uzito wa pamoja wa pauni 26,001 au zaidi, yaani takriban kilo 11,800. Hakuna kifungu cha sheria ya shirikisho kinachomnyima mtu leseni hiyo kwa sababu tu aliwahi kutiwa hatiani kwa wizi, kupigana, kughushi hundi au kukutwa na dawa za kulevya. Umri unaotakiwa ni miaka 18 kwa atakayebeba mizigo ndani ya jimbo moja, na miaka 21 kwa atakayevuka mpaka wa jimbo.

Wanaokwama kwenye dirisha la ofisi ya leseni mara nyingi hukwamishwa na leseni yao ya kawaida ya gari dogo. Mwombaji wa CDL hapaswi kuwa na leseni iliyosimamishwa au kufutwa katika jimbo lolote, na ofisi hukagua kumbukumbu za nchi nzima. Faini ya mwendo kasi uliyoiacha bila kulipa katika jimbo jingine miaka mingi iliyopita, au malimbikizo ya matunzo ya mtoto yaliyolifanya jimbo fulani likusimamishie leseni, yanaweza kukuzuia Texas leo, hata kama hukumu yako ya jinai haimshughulishi mtu yeyote pale dirishani. Anza kusafisha upande huo.

Ni makosa gani basi yanayoigusa leseni yenyewe?

Ni yale yanayohusu gari. Mtu mwenye CDL au kibali cha kujifunzia akiendesha akiwa amelewa, akikataa kupimwa, akikimbia eneo la ajali au akitumia gari kutenda kosa kubwa la jinai, hunyang'anywa haki ya kuendesha magari ya biashara kwa mwaka 1, au miaka 3 ikiwa alikuwa amebeba shehena hatari. Akirudia, adhabu ni ya maisha, ingawa jimbo linaweza kumrudishia leseni baada ya miaka 10 endapo amekamilisha mpango wa kujirekebisha unaotambuliwa.

Yapo makosa mawili yasiyo na njia ya kurudi. La kwanza ni kutumia gari katika kosa kubwa la kutengeneza au kusambaza dawa za kulevya, na la pili ni kutumia lori katika usafirishaji haramu wa binadamu. Adhabu ya hili la pili iliongezwa na sheria iliyotiwa saini mwaka 2018.

Adhabu hizi zinamlenga mtu ambaye wakati wa kosa tayari alikuwa dereva wa magari ya biashara, au alipaswa kuwa na leseni hiyo. Aliyekamatwa amelewa katika gari lake la nyumbani kabla hajaanza safari ya CDL haingii moja kwa moja katika jedwali hilo, ila atakutana na jimbo lake na, zaidi, na kampuni ya bima.

Kama sheria inaniruhusu, mbona kampuni zinanikataa?

Kwa sababu mlango wa leseni na mlango wa ajira ni miwili tofauti, na wa pili hulindwa na watu wengine kabisa. Kampuni ya malori haiwezi kumweka barabarani dereva ambaye bima yake imemkataa. Kampuni ya bima huangalia hasa kumbukumbu za uendeshaji za miaka 3 hadi 5: ajali, faini, ulevi. Kampuni nayo huongeza mashaka yake mwenyewe. Inapeleka mtu mmoja, usiku, akiwa na trela la mzigo wa wateja, katika maghala ambayo baadhi ya wenyewe wana masharti yao kuhusu nani aingie. Ndiyo maana aliyetiwa hatiani kwa kuiba mizigo hupata shida kubwa kuliko aliyepigana baa, hata kama wote wawili walifungwa muda uleule.

Kila kampuni ina kipimo chake. Zipo zinazohesabu miaka 5 tangu hukumu, nyingine 7, nyingine 10, na zipo zinazohesabu tangu siku uliyotoka gerezani, tofauti ambayo kwa mtu aliyekaa ndani muda mrefu ni kubwa sana. Makosa ya kingono na mauaji hukataliwa na kampuni nyingi bila kuangalia tarehe. Kukataliwa na kampuni tatu, kwa hiyo, hakukuambii lolote kuhusu ya nne. Kampuni kubwa zinazofundisha madereva wapya kwa wingi huwa na masharti yaliyoandikwa, nawe unaweza kuyauliza kwa simu kabla ya kujaza chochote. Kampuni ndogo yenye malori machache, ambayo mwenyewe ndiye anayeajiri, ina nafasi ya kukusikiliza, lakini mara nyingi bima yake haikubali dereva asiye na uzoefu wa mwaka 1 au 2. Wengi hutoka kwenye kona hiyo kwa kuanzia na kazi za karibu: lori la taka, la kokoto, la zege, la kusambaza vifaa vya ujenzi. Malipo huenda yakawa madogo na mikono inachafuka, lakini uzoefu unahesabika, na unalala nyumbani.

Serikali pia imeweka mipaka kwa mwajiri. Mwongozo wa tume ya usawa katika ajira, EEOC, wa Aprili 2012 unamtaka mwajiri apime uzito wa kosa, muda uliopita na aina ya kazi, badala ya kumfungia nje kila mwenye rekodi. Mizani hiyo ilitokana na kesi ya miaka ya 1970 dhidi ya kampuni ya reli ya Missouri Pacific. Aidha, majimbo kadhaa, Hawaii likitangulia mwaka 1998, yamemkataza mwajiri kuuliza habari za jinai mwanzoni mwa maombi.

Niseme ukweli kwenye fomu?

Sema, lakini jibu swali lililoulizwa na usiongeze. Kanuni za shirikisho zinaitaka fomu ya dereva ionyeshe waajiri wote wa miaka 3 iliyopita na, kwa kazi ya CDL, wale uliowaendeshea magari ya biashara katika miaka 7 ya nyuma yake, pamoja na ajali na makosa ya barabarani. Swali la makosa ya jinai yasiyohusu gari huwekwa na kampuni yenyewe. Kwa hiyo lisome polepole. Ukiulizwa kama uliwahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa katika miaka 7, kesi ya mwaka wa kumi na mbili nyuma haimo, wala kukamatwa kulikoisha bila hukumu hakumo.

Uongo ndio unaowamaliza watu katika kazi hii. Hukumu huzeeka; fomu uliyoghushi huwa sababu ya kufukuzwa siku yoyote itakapogunduliwa, na kufukuzwa huko kunaweza kuandikwa katika ripoti ya historia ya ajira ambayo wenye malori wanaiita DAC, na ambayo kampuni zinazofuata huisoma.

Miaka ya gerezani isiachwe wazi. Nafasi tupu humfanya anayesoma akisie, naye hukisia mabaya. Andika tarehe na maneno machache kama «sikuwa kazini, nilikuwa nikitumikia kifungo», na kama ulifanya kazi ndani, jikoni au karakana, itaje. Maelezo marefu yabaki kwenye karatasi ya pembeni, kwa Kiingereza, yakiwa na urefu wa namna hii: «Mwaka 2017 nilitiwa hatiani kwa wizi wa kutumia nguvu. Nilitumikia miaka 3 na nikamaliza kipindi cha uangalizi mwaka 2022. Tangu hapo sijakamatwa wala kupewa faini ya barabarani. Nimefanya kazi ghalani kwa miaka 2 na msimamizi wangu yuko tayari kuzungumza nanyi.» Mistari hiyo inatosha. Anayeajiri hahitaji kujua nani alikuponza.

Kampuni itaona nini hasa?

Aliyezoea utaratibu wa Kenya, ambako mwajiri huomba cheti cha mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi ya DCI, atashangaa kwamba Marekani hakuna cheti kimoja cha namna hiyo. Kampuni hulipa wakala anayekusanya kumbukumbu za mahakama za kaunti na za shirikisho. Chini ya sheria ya shirikisho, wakala haruhusiwi kuripoti kukamatwa kusikoishia kwenye hukumu kukishapita miaka 7, isipokuwa kwa kazi yenye mshahara wa dola 75,000 au zaidi. Hukumu yenyewe haina kikomo, ingawa California na majimbo mengine yameweka chao.

Mawakala hukosea, na watu wetu wanaumia zaidi ya wengine. Wakimbizi wengi wa kutoka Kongo na Burundi waliandikishwa kambini kwa tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari, na majina yao matatu yamepangwa hivi katika karatasi moja na vile katika nyingine. Mawakala hulinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo watu wawili wenye jina moja la ukoo na 1 Januari moja huweza kufanywa mtu mmoja mwenye kesi mbili. Omba nakala yako ya kumbukumbu kutoka FBI, ambayo hutolewa kwa alama za vidole na ada ya dola 18, kabla hujaomba kazi yoyote. Alama za vidole hazichanganyi majina.

Ukiona kosa kwenye ripoti ya wakala, una haki ya kulipinga, naye kwa kawaida hupewa siku 30 kulichunguza. Hapa pana tofauti ambayo madereva wachache wanaijua. Katika kazi nyingine, mwajiri lazima akuonyeshe ripoti kabla ya kukukataa. Kwa dereva aliyeomba kwa posta, simu au kompyuta bila kuonana na kampuni ana kwa ana, sheria inaruhusu akataliwe kwanza kisha ajulishwe ndani ya siku 3 za kazi, na ni yeye anayepaswa kuomba nakala. Usipoomba, huletewi.

Rekodi yangu ilifutwa na mahakama. Je, imekwisha?

Kwa kazi nyingi imekwisha, na inafaa kuuliza kama jimbo lako lina utaratibu huo; Pennsylvania lilikuwa la kwanza, mwaka 2018, kupitisha sheria ya kuzifunga rekodi fulani bila mtu kuomba. Hata hivyo, majimbo hayaruhusiwi kuficha kosa la barabarani la mtu mwenye CDL, hata kama hakimu angependa kumhurumia kwa kumpeleka darasa la udereva. Kwa asiye raia liko jambo zito zaidi, nalo limeelezwa hapa chini.

Kesi yangu ni ya bangi, na katika jimbo langu bangi ni halali.

Kwenye lori si halali popote. Kipimo cha mkojo cha Wizara ya Uchukuzi kinatafuta bangi, kokeini, afyuni na jamii yake, amfetamini na PCP, na kampuni nyingine kubwa huongeza kipimo cha nywele kinachorudi nyuma takriban miezi 3. Kukataa kupimwa ni sawa na kushindwa. Matokeo huingia katika hifadhidata iitwayo Clearinghouse, iliyoanza tarehe 6 Januari 2020, na hukaa miaka 5 au mpaka umalize mpango wote wa kurejea kazini, lolote litakalochelewa. Tangu Novemba 2024 jimbo linalazimika kukuondolea CDL ukiwa bado umezuiwa humo. Dereva mwenye hukumu ya miaka 8 iliyopita na Clearinghouse safi yuko pazuri kuliko asiye na hukumu lakini alishindwa kipimo mwaka jana.

Neno kuhusu miraa, kwa kuwa wapo wanaodhani haihusiki. Nchini Kenya ni zao halali la biashara, lakini Marekani kathinoni iliyo ndani yake imewekwa katika daraja la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku, na dereva aliye kazini haruhusiwi kuwa nayo wala kuitafuna. Kifurushi chini ya kiti kinaweza kuzaa kesi ya shirikisho.

Je, naweza kubeba mafuta au kuingia bandarini?

Hapa ndipo rekodi ya jinai inapokaguliwa na serikali yenyewe. Anayetaka kubeba shehena hatari, kama mafuta, au kuwa na kadi ya TWIC inayohitajika ili kuingia bandarini bila kusindikizwa, hupeleka alama za vidole kwa TSA, mamlaka ya shirikisho ya usalama wa usafiri. Ujasusi, uhaini, ugaidi, mauaji na makosa fulani ya milipuko humzuia mtu daima. Kundi la pili, lenye unyang'anyi, uchomaji wa mali, utekaji, ubakaji, makosa ya silaha, rushwa, ulaghai na uuzaji wa dawa za kulevya, humzuia ikiwa alitiwa hatiani ndani ya miaka 7 kabla ya kuomba, au alitoka kifungoni ndani ya miaka 5. Kukutwa na dawa za matumizi yako tu hakumo. TSA ikikutumia barua ya awali ya kukukatalia, una siku 60 za kujibu, na kwa makosa mengi unaweza kuomba uondolewe zuio hilo ukionyesha jinsi ulivyobadilika. Barua hizo hazipaswi kuogopwa wala kuachwa mezani. Wakati unasubiri, mizigo ya kawaida, kama vile vyakula, nguo na mbao, haihitaji kibali chochote cha TSA.

Bado niko chini ya uangalizi wa mahakama. Nisubiri?

Zungumza na afisa wako kabla ya kuzungumza na shule. Kuvuka jimbo bila ruhusa kunaweza kukurudisha ndani, na lori la masafa marefu huvuka matatu kwa siku moja. Maafisa wengine hutoa ruhusa ya maandishi ya kusafiri kikazi, ambayo nakala yake inapaswa kukaa ndani ya lori. Wengine hukubali kazi za ndani ya jimbo pekee. Kampuni nyingi zitakuambia urudi muda utakapokwisha. Tumia kipindi hicho kusoma kitabu cha nadharia, kwani mtihani wa kibali cha kujifunzia unaweza kuufanya bila kuvuka mpaka.

Mimi si raia. Kuna nini cha ziada?

Kuna mengi, na usiamue lolote bila wakili wa uhamiaji. Hukumu iliyofutwa na mahakama ya jimbo kwa kawaida bado huhesabiwa na mamlaka za uhamiaji. Makosa ya dawa, wizi na vurugu yanaweza kumfanya hata mwenye kadi ya kijani aondolewe nchini, na tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 2010 katika kesi ya Padilla, wakili wa jinai anawajibika kumweleza mteja hatari hiyo kabla hajakiri kosa. Kama wako hakukueleza, mwambie wakili mpya.

Kazi ya lori inakuweka mbele ya maafisa kuliko kazi ya kiwandani. Lori linalopanda kaskazini kutoka Laredo kwa barabara ya I-35 hupita kituo cha ukaguzi cha uhamiaji, na dereva huulizwa hali yake. Tena, Septemba 2025 Wizara ya Uchukuzi ilitoa kanuni ya kubana mno leseni za wasio wakaazi wa kudumu, wakiwemo wakimbizi wenye kibali cha kazi tu, na suala hilo likafikishwa mahakamani. Mwenye kadi ya kijani hakuguswa nayo. Mkimbizi aliyetimiza mwaka mmoja nchini anastahili kuomba kadi hiyo, na ni busara aipate kwanza.

Na Kiingereza?

Tangu 25 Juni 2025, dereva anayeshindwa kuzungumza na askari au kusoma alama za barabarani husimamishwa palepale. Jizoeze mazungumzo ya ukaguzi mpaka yatoke bila kufikiri.

Nilipe shule lini, na nani anaweza kunisaidia?

Lipa mwisho. Shule hugharimu dola elfu kadhaa, nayo hupokea ada yako hata kama hutaajirika. Tafuta kwanza kampuni mbili au tatu, zitajie kosa, mwaka na tarehe uliyotoka, na uombe jibu kwa barua pepe. Kampuni nyingi hutoa barua ya kukubali kukuajiri kabla hujaanza masomo, kwa masharti kwamba utafaulu. Kisha hakikisha shule imo katika orodha ya shirikisho ya watoa mafunzo, kwa kuwa tangu 7 Februari 2022 mafunzo ya nje ya orodha hiyo hayakuwezeshi kufanya mtihani wa CDL daraja la A. Ukishapata kibali cha kujifunzia, lazima zipite siku 14 kabla ya mtihani wa barabarani.

Vituo vya ajira vya serikali vilivyo katika kila jimbo vinaweza kulipa ada kupitia fedha za WIOA, sheria ya shirikisho ya mafunzo ya kazi, na waliotoka gerezani ni miongoni mwa wanaofikiriwa. Upo pia mpango wa dhamana wa Wizara ya Kazi, ulioanza mwaka 1966, unaompa mwajiri kinga ya kuanzia dola 5,000 kwa miezi 6 ya mwanzo bila malipo. Dhamana hiyo hufidia wizi na udanganyifu. Haifidii ajali, kwa hiyo haiitulizi kampuni ya bima, lakini mwenye kampuni ndogo huweza kutulia.

Naweza kwenda Kanada?

Usitegemee. Tangu Desemba 2018 Kanada huhesabu kuendesha ukiwa umelewa kuwa kosa zito, na dereva hurudishwa mpakani akiwa na mzigo. Mweleze anayekupangia safari mapema.

Kwa nini nisinunue lori langu, nikaepuka maswali yote haya?

Namba ya uendeshaji ya FMCSA, wakala wa shirikisho anayesimamia malori, hulipiwa dola 300, nayo haikatazwi kwa sababu ya hukumu ya kawaida. Tatizo ni bima ya dhima, ambayo kwa mizigo ya kawaida ya kuvuka majimbo haipaswi kupungua dola 750,000, na ambayo kwa dereva mpya mwenye kampuni mpya huuzwa ghali mno hata kama hajawahi kuingia mahakamani. Kuhusu mikataba ya kukodi lori huku ukilinunua, ambayo kampuni nyingine huwapa upesi wale wasio na pa kwenda, mpe wakili au mhasibu aisome kabla ya kutia saini, hasa ukurasa unaoeleza kinachobaki kuwa chako endapo utaacha katikati. Mara nyingi hakibaki kitu. Njia ya kawaida ni miaka 2 au 3 kwenye lori la mtu mwingine, bila ajali wala faini, kisha kuomba bei ya bima upya.